Goti Lililoitwa Zima

Leanne Hruska alikuwa amechoka uchovu ule ambao hauondoki kwa kulala. Msimu wa mieleka ulianza Novemba na sasa ilikuwa Februari. Miezi yote hiyo alikuwa akifungua chumba cha tiba cha Chuo cha Wexley saa kumi na mbili asubuhi, giza la Iowa likiwa bado limetanda juu ya theluji, na kukifunga wanamieleka wa mwisho wakishaoga na kwenda zao. Alifunga vifundo vya miguu, alikanda mabega, alinyonya damu kwa sindano kwenye masikio yaliyovimba, alisikiliza vijana wenye shingo nene wakilia kwa ajili ya wasichana. Vijana walimwita Doki. Hakuwa daktari na hakuwahi kujidai daktari. Alikuwa mtabibu wa timu, yule anayekimbilia mkekani mtu akianguka, anayeamua nani arudi kupigana na nani akae, na anayelaumiwa kwa yote mawili.

Alhamisi hiyo, saa nane mchana, zikiwa zimebaki siku mbili kabla ya fainali za ligi, mlango ulifunguka akaingia Wade Oltmann akijikaza asichechemee. Mtu anayechechemea Leanne angeweza asimwone, lakini anayejikaza hivyo alimwona kabla hajavuka kizingiti.

"Goti lipi?" aliuliza bila kusimama.

"La kushoto. Dogo tu, Doki."

"Lini?"

"Jumanne, mazoezini. Nilikanyaga vibaya."

"Na leo Alhamisi."

"Nilidhani litapoa."

"Kila kitu hupoa, Wade. Hata maiti hupoa. Panda mezani."

Kijana alicheka na kupanda. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mwaka wake wa mwisho chuoni, uzani wa kilo sabini na tisa, na uso wa mtoto aliyelelewa kwa maziwa ya nyumbani. Nyuma yake aliingia kaka yake mkubwa, Darrell, kocha msaidizi wa timu, akasimama kando ya mashine ya barafu kama kawaida yake.

Moyo wa Leanne ukafanya ulichokuwa ukifanya kwa miezi kumi na minne kila mtu huyu alipoingia. Darrell alikuwa na miaka thelathini na minane, mikono ya mkulima wa mahindi na nguruwe, na macho ya kijivu yaliyomtafuta yeye kwanza kabla ya kutazama kitu kingine. Waliapa kulifanya penzi lao siri hadi msimu uishe. Lakini mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Chuo kizima kilijua, mchungaji alijua, na mama yake Darrell alijua kuliko wote, ila alijifanya hajui ili asilazimike kulikubali. Jumapili hii, baada ya ibada, Darrell angempitia Leanne nyumbani kwake, waende shambani kula chakula cha mchana, na hapo mezani amwambie mama yake kwamba wanaoana.

Tatizo lilikuwa mama huyo. Bi Arlys Oltmann hakuwa amesema na Leanne zaidi ya salamu tangu mwaka jana, Leanne alipomzuia Wade saa moja kabla ya nusu fainali kwa sababu kichwa chake kilikuwa kimetikisika na hakukumbuka siku ya wiki. Wanaume watatu wa ukoo huo walipigana mieleka Wexley, na hakuna hata mmoja aliyepata ubingwa. Babu alikosa, baba alikosa, Darrell alikosa kwa pointi moja. Wade ndiye aliyebaki. Wade akipanda mkekani Jumamosi, Jumapili ingekuwa sikukuu. Akizuiwa tena, na mwanamke yuleyule, Leanne angekwenda kula kwa nani?

Alijua hayo yote alipokuwa akinawa mikono. Alijiambia kwamba hayajui.

"Ulisikia mlio?" alianza. "Kama kitu kinakatika?"

"Hapana."

"Lilivimba saa ngapi?"

"Kesho yake. Kidogo."

"Linakuchezea? Ukigeuka, linataka kukuacha njiani?"

"Hapana, Doki."

"La kulia je? Limewahi kuumia?"

"Unaniuliza kila Septemba," alisema Wade, "na kila Septemba nakujibu hapana."

Leanne alianza na mguu wa kulia. Kila mtabibu hufundishwa hivyo, na hakuna anayesahau. Unaanza na mguu mzima, kwa sababu miili haifanani. Wapo waliozaliwa na viungo vilegevu, na wapo waliokaza tangu tumboni. Kipimo cha mtu ni upande wake wa pili. Ukishajua goti lake zima likoje, ndipo unalishika bovu ukauliza tofauti iko wapi.

Alilikunja goti kidogo, mkono mmoja ukashika paja juu, wa pili ukashika mguu chini, akauvuta mfupa kuja mbele. Goti zima huvutika kidogo kisha hugota ghafla, kama droo iliyofika mwisho. La Wade lilivutika zaidi ya kidogo, na liligota polepole. Kiungo kilegevu, alijiambia. Mwanamieleka anakunjwa tangu ana miaka mitano, atakosaje kulegea? Akahamia la kushoto, lile lenye uvimbe. Likavutika vilevile. Likagota vilevile.

Alirudia mara mbili. Hakuna tofauti.

"Yanafanana," alisema, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza kwa wepesi. "Kano ya ndani iko sawa. Utakuwa umevuta ngozi ya kiungo tu, ndiyo iliyojaza maji. Tukilifunga vizuri..."

Hakumaliza. Darrell alikuwa amefumba macho, na kifua chake kilishuka kama cha mtu aliyetua gunia. Alikuja akamwekea mkono begani, mbele ya Wade, kitu ambacho hakuwahi kukifanya kazini.

"Asante, mpenzi," alisema.

"Ah, jamani," Wade akasema. "Mimi mgonjwa niko hapa."

Leanne alicheka. Alikuwa hajacheka wiki nzima. Alinyanyua simu akampigia kocha mkuu, Lundeen, akamwambia kwamba Wade ana goti lenye maji kidogo, kwamba atalifunga, na kwamba kwa anavyoona sasa kijana anapigana Jumamosi. Kelele za furaha za Lundeen zilisikika chumba kizima.

Kilibaki kipimo kimoja tu, cha kujaza fomu. Alichukua utepe wa kupimia akazungusha paja la kushoto, juu ya goti. Sentimita hamsini na saba. Akazungusha la kulia. Hamsini na nne na nusu.

Alidhani amekosea kuandika, maana tangu Jumatatu alikuwa akiandika kulia mahali pa kushoto na kumwaga kahawa nje ya kikombe. Akapima tena. Hamsini na saba, hamsini na nne na nusu.

Paja halikondi kwa siku mbili. Na lililokonda hapa halikuwa la mguu uliokuja kutibiwa. Lilikuwa la mguu mzima. Paja hukonda hivyo linapokaa miaka bila kuliamini goti lake, likiuachia mguu mwingine kazi.

Ndipo alipokumbuka macho ya Darrell. Ndugu wa mgonjwa hutazama panapouma, ndivyo walivyo wote. Lakini alipolishika goti la kulia, kabla hata hajaligusa lenye uvimbe, Darrell alikuwa ameacha kupumua. Leanne aliliona jambo hilo lilipotokea, akaliacha lipite. Alikuwa amechoka, na alitaka Jumapili yake.

Aliweka utepe chini. "Wade," alisema, "goti hili la kulia liliumia lini?"

Kijana alimtazama kaka yake.

"Usimtazame yeye. Goti si lake."

"Doki, mimi..."

"Nenda chumba cha pili ukaweke barafu. Dakika ishirini. Mguu juu."

Wade aliondoka, na safari hii alichechemea waziwazi. Leanne alifunga mlango na kuuegemea. Mashine ya barafu iliangusha mabonge yake, ikanyamaza.

"Sema," alisema Leanne.

"Lea..."

"Sema tu, Darrell. Sina nguvu ya kukukamua."

Darrell alikaa kwenye meza aliyotoka mdogo wake. "Ilikuwa ghalani," alisema. "Mwezi wa nne, mwaka wake wa mwisho wa sekondari. Baba alitandika mikeka humo tangu nikiwa mdogo. Nilimshika mguu nikamgeuza. Akasema niache. Nikadhani anadeka." Alijipangusa uso kwa viganja. "Mlio niliusikia hata mimi."

"Mkamwambia nani?"

"Baba alikuwa hospitali, Lea. Wiki zake za mwisho zile. Mama alikuwa anashinda huko na kulala huko. Ningemwendea nimwambie nini? Kwamba nimemvunja mwanawe wa pili? Tukasema ameanguka kwenye trekta. Alilala majira yote ya joto, uvimbe ukaisha, akaanza kukimbia. Tukaona limepona."

"Hamkuona. Hamkutazama."

"Sawa. Hatukutazama."

"Na baba yako alipozikwa?"

"Ikawa imeshapita."

Leanne aliendelea kuuegemea mlango. "Miezi kumi na minne," alisema. "Umekaa jikoni kwangu ukanisimulia hadi jina la nguruwe wako wa kwanza."

"Clementine," Darrell alisema, kwa sauti ndogo.

"Clementine. Hili la ghalani hukulikumbuka?"

"Nililikumbuka kila siku ya Mungu."

"Na leo? Ulisimama pale ukanitazama nikilipima goti bovu kwa goti bovu lingine. Ukaniacha nishangilie. Ukaniita mpenzi."

"Wewe ni mpenzi wangu."

"Nimempigia Lundeen simu, Darrell! Kwa mdomo wangu!"

Darrell alisimama akaja karibu. Alinuka sabuni na majani makavu, harufu aliyoipenda mno Leanne kiasi kwamba alipogeuza uso hakujua kama ni kwa hasira au kwa kujilinda. "Ni mechi tatu tu," alisema Darrell. "Siku moja. Miaka minne amepigana na goti moja, na hakufa."

"Amepigana na goti moja kwa sababu alikuwa na la pili. Jumamosi angepigana na lipi?"

Darrell aliutazama mlango aliopitia mdogo wake.

"Nikuambie kitakachotokea? Atageuzwa, mifupa itasagana, na gegedu iliyobaki humo ndani itachanika. Akifika miaka thelathini atakuwa anashuka kwenye trekta kinyumenyume kama babu. Nani atamfungia viatu? Wewe?"

"Ukimzuia, Mama hatakusamehe. Unajua hilo."

"Najua."

"Na Jumapili..."

"Jumapili naijua pia." Macho yalimchoma, na alijikasirikia, maana hakutaka kulia kazini. "Nilitaka anipende, Darrell. Miaka yangu thelathini na sita hii, nilitaka mama wa mtu anikatie kipande cha keki aseme karibu. Ndiyo maana sikuona. Kosa hilo ni langu, nitalibeba."

Alinyanyua simu tena mbele yake. "Kocha, ni Leanne. Nilikosea. Wade hapigani. Hapana, haibadiliki. Ndiyo, nimesema nilikosea." Safari hii sauti ya Lundeen ilisikika hata zaidi. Leanne aliisikiliza hadi mwisho, akaweka simu chini.

"Sasa sikiliza," alimwambia Darrell. "Wade ni mtu mzima. Habari za mwili wake sizitoi kwa mama yake bila ruhusa yake. Bi Arlys akija nitamwambia kwamba hapigani, basi. La ghalani ni lako. Siwezi kukusemea, na sitaki."

Darrell aliushika mkono wake, akaufunika kwa yote miwili. "Nitasema," alisema. "Nakuahidi. Akija tu, nasema." Macho ya kijivu yalimtazama bila kupepesa. Leanne alimwamini, kwa sababu alimpenda na kwa sababu kutomwamini kulihitaji nguvu ambazo hakuwa nazo.

Alimkuta Wade chumba cha pili, barafu juu ya goti, akitazama dari. Hakuhitaji kuambiwa. Leanne alivuta kiti akakaa usawa wa uso wake, kama alivyokaa na wengine wengi, na kila mara alitamani kungekuwa na mtu mwingine wa kuifanya kazi hiyo.

"Nilisikia mlio Jumanne," alisema Wade.

"Najua."

"Niliujua ule mlio, Doki. Niliujua kabla sijafika chini."

"Ndiyo maana ukasema hukuusikia."

Kijana alifunika macho kwa mkono. Mficha maradhi, walisema wa kale, kilio humuumbua. Huyu alikuwa akilia kimyakimya, mabega yakitikisika, na Leanne aliuweka mkono wake kwenye kifundo cha mguu wa kijana akauacha hapo.

"Nikuambie tutakavyofanya?" alisema baadaye. "Usiku wa leo na kesho, barafu, bendeji, mguu juu, na magongo. Jumatatu nakupeleka mwenyewe kwa daktari wa mifupa, apige picha magoti yote mawili. Yote mawili, Wade. Wiki mbili za kwanza tunaondoa maji na kukufundisha kunyoosha goti hadi mwisho. Paja la kulia nalo tunaanza kulijenga sasa, halingojei. Operesheni daktari atasema, na akisema ndiyo, ni miezi tisa, wala usimwombe minane."

"Miezi tisa nitakuwa nimeshamaliza chuo."

"Utakuwa umeshamaliza. Utakuja tu. Mlango huu unaujua."

"Nilikuwa namtaka yule mpinzani wa kutoka Dubuque," alisema Wade. "Ningempiga."

"Ungempiga," Leanne alikubali. "Mama yako nimwambie nini?"

"Mwambie sipigani. Mengine..." Aliitazama milango miwili iliyokuwa kati yake na kaka yake. "Mengine hayo si yangu peke yangu."

Harufu ya viazi, nyama ya kusaga na jibini ilitangulia mlangoni. Kila Alhamisi ya msimu Bi Arlys Oltmann alipikia timu sinia kubwa la kuoka. Alikuwa mwanamke mdogo, mgumu, mwenye nywele fupi za mvi, ndani ya koti la kazi la marehemu mumewe lililomfika magotini. Aliweka sinia juu ya meza ya tiba bila kuuliza.

"Lundeen ananiambia mwanangu anapigana," alisema. "Sijafunga mlango wa gari, ananiambia hapigani. Chuo hiki kina watabibu wangapi?"

"Mmoja, Bi Arlys," alisema Leanne. "Ni mimi. Mara ya kwanza nilikosea."

"Ulikosea."

"Ndiyo. Nilifanya haraka nikaona nilichotaka kuona. Goti lake halifai. Hapigani."

Wade alikuwa ametokea mlangoni kwa magongo. Darrell alisimama palepale pake, kando ya mashine ya barafu. Bi Arlys hakuwatazama. Alikuwa akimtazama Leanne, kuanzia viatu hadi nywele, kwa utulivu.

"Mwaka jana kichwa," alisema. "Mwaka huu goti. Mungu alimpa viungo vingi kweli, na wewe utapata kisingizio kwa kila kimoja."

"Mama," alisema Wade.

"Nyamaza, naongea na mkubwa mwenzangu. Unajua mume wangu aliniambia nini kitandani? Aliniambia, Arlys, mdogo atauchukua ubingwa. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho yenye akili. Na wewe, binti, usiye na hata mtoto wa kumfungia kamba za viatu, unanisimamia hapa uniambie ulikosea saa nane na umepatia saa tisa."

Lile la mtoto lilimpata Leanne mahali pake, lakini alilimeza. "Pole, Bi Arlys."

"Pole zako weka. Niambie kitu kimoja. Goti la siku mbili linakuwaje bovu kiasi cha kukosa mechi tatu? Wanangu si wa mayai. Huyu amevunjika pua akamaliza mechi. Limeharibikaje hilo goti?"

Bi Arlys alikunja mikono kifuani, akangoja.

Ilikuwa nafasi, tena nafasi pana, ya kupitisha trekta. Leanne hakuijaza. Alimgeukia Darrell, akamtazama, na kwa macho yake alimpa yote aliyokuwa nayo, miezi kumi na minne, jiko lake, Jumapili yake. Wade naye alimtazama. Bi Arlys, aliyeona macho ya watu wawili yakielekea sehemu moja, akageuka pia.

Darrell alifungua mdomo.

"Mama," alisema.

"Nini?"

Aliitazama sakafu, akaitazama mashine, akalitazama sinia.

"Hicho chakula kitapoa."

Kisha Wade aliyagongesha magongo yake sakafuni, akaja mbele hatua mbili, akaongea kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza njia ya dukani.

"Ni la zamani, Mama. Lile la trekta. Liliumia zaidi ya nilivyokuambia, na sikwenda kwa daktari kwa sababu ya Baba. Nimemdanganya Doki miaka minne. Kosa langu."

Uso wa Bi Arlys ulibadilika. Ukali ulimtoka, na kwa mara ya kwanza Leanne alimwona jinsi alivyokuwa amezeeka. "La trekta," alisema. "Mwezi ule." Alimshika mwanawe shavu. "Na mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa kule. Mwanangu, mbona hukuniambia mama yako?"

"Ulikuwa na mengi."

Darrell alisikia yote hayo, na aliyaacha. Leanne alimwona akiyaacha.

Bi Arlys alijipangusa pua kwa mkono wa koti, ukali ukamrudia, na ukaelekea ulikozoea kwenda. "Na wewe miaka minne unamshika miguu, hukuona?"

"Sikuona," alisema Leanne.

"Basi wana kazi gani na wewe hapa?"

Alimchukua Wade kwa kiwiko, akamtoa nje polepole, akimwonya kuhusu theluji ya ngazini. Sinia lilibaki mezani. Kutoka koridoni ilisikika sauti ya Wade ikimtuliza mama yake, yeye aliyepoteza kila kitu siku hiyo, hadi mlango wa nje ukajifunga.

Darrell alitoa pumzi ndefu. Alikuja akasimama mbele ya Leanne, macho yamelowa.

"Asante," alisema.

"Ya nini?"

"Kwa kutosema. Umenisitiri, Lea. Mwanamke mwingine angenimwaga."

"Sikukusitiri," alisema Leanne. "Nilikuwa nakusubiri."

"Nitamwambia. Haki ya Mungu nitamwambia. Umemwona alivyo leo, si siku yake. Acha Jumapili ipite kwanza. Tukishamwambia la harusi, moyo wake ukishalainika, namwita pembeni namweleza."

Alisema hayo kwa dhati. Hilo ndilo lililomuumiza Leanne, kwamba hakukuwa na hila hata chembe. Alimpenda, alitaka kumwoa, na alitaka harusi hiyohiyo iwe mahali pake pa kujificha. Na baada ya Jumapili hiyo kungekuwa na siku nyingine ambayo si siku yake mama. Kungekuwa na Krismasi, na mavuno, na mtoto akizaliwa. Leanne angekuwa mezani miaka yote hiyo akijua, akikatiwa keki na mwanamke anayemlaumu kwa jambo la mwanawe, na mwanawe angekuwa kando akimpitishia chumvi.

"Nije kukupitia saa ngapi?" aliuliza Darrell, na alijaribu kutabasamu. "Ibada inaisha saa tano."

"Usije."

"Jumapili hii?"

"Usije, Darrell."

"Lea. Kwa sababu ya dakika moja? Nilishikwa na woga dakika moja tu!"

"Mdogo wako alikuwa na dakika hiyohiyo," alisema Leanne. "Na alikuwa amesimama kwa magongo."

Darrell alisogea hadi mlangoni, akasimama hapo na mkono kwenye kitasa, akingoja. Alikuwa amemwona mwanamke huyu kwa misimu miwili, hajawahi kumwacha mtu aondoke chumbani humu bila kumwambia la kufanya: weka barafu, pumzika siku tatu, rudi Jumatatu tuone. Alingoja na yeye aambiwe lake.

Leanne hakuwa na la kumwambia. Alimpenda bado, alikuwa amechoka, na alitaka aufunge mlango akitoka.